Mwalimu wa Mazoezi, Jua Kwanza Mzigo Unakaa Wapi

Wiki hii kijana mmoja anayebeba magunia pale soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, amenitumia ujumbe: "Shikamoo dada kocha. Nataka kuwa mwalimu wa mazoezi kama wewe. Ila mbona kila siku unatuambia mifupa na viungo? Si utupe tu programu ya mwezi mzima tuanze na wateja?"

Marahaba, mdogo wangu. Nakujibu hapa kwa sababu najua hauko peke yako. Wengi mnaonisoma mnataka kufungua gym zenu, hata ya chumba kimoja kule Igoma au Nyakato, mpate wateja wanaowaamini. Programu nitawapa. Lakini kwanza nisikilizeni.

Gym moja iliyoniajiri hapa mjini, jina naliacha, ilikuwa na sheria iliyobandikwa ukutani: ukichuchumaa, goti lisipite vidole vya mguu. Siku moja alikuwepo mama mmoja mrefu, mwenye mapaja marefu, na chuma begani. Kila akishuka, mkufunzi anamkemea arudishe magoti nyuma. Akirudisha magoti, nyonga nazo zinakwenda nyuma, kwa hiyo kifua kinalala mbele ili asianguke chali. Chuma kiko mbele, nyonga ziko nyuma, na kiuno ndicho kinacholipa. Nikamsogelea, nikamwambia aache goti liende mbele kadiri linavyotaka, mradi kisigino kisinyanyuke. Akashuka kifua kikiwa juu, akapanda bila kuguna.

Mwenye gym alikuwa amesimama mlangoni. Akaniambia mbele ya wateja wote, "Dada, hapa hatufundishi biolojia, tunajenga miili." Mwezi haukuisha nikawa sina kazi. Miaka imepita na maneno yale bado yananichoma. Yaliyofuata, ya kusoma usiku na kufundisha watu uani kwa watu, nayaruka. Leo nina kikundi changu, na yule mama mrefu ni mteja wangu mpaka sasa.

Haya, tuingie kwenye kazi. Mnakumbuka nyenzo za shule ya msingi? Egemeo, mzigo, jitihada. Mwili wa binadamu ndio huo: mifupa ni nyenzo, viungo ni maegemeo, misuli ndiyo jitihada. Mtu mzima ana mifupa 206 na misuli ya kuendesha mifupa zaidi ya 600. Hutakiwi kuikariri yote. Kinachotakiwa ni kuona, kila mteja anapofanya zoezi, kiungo kiko wapi na mzigo uko mbali nacho kiasi gani. Sukuma mlango karibu na bawaba uone ulivyo mgumu, kisha sukuma penye kitasa. Mlango ni ule ule, umbali ndio umebadilika.

Mwilini bahati mbaya ni kwamba misuli mingi imeshikizwa upande wa bawaba. Shika chuma cha kilo 10, kiwiko umekikunja kama herufi L. Kiganja kiko kama sentimita 35 kutoka kwenye kiwiko, lakini kano ya msuli wa mbele ya mkono imeshika mfupa kama sentimita 5 tu kutoka hapo. Kwa hiyo msuli unavuta mara saba ya kile unachokiona: nguvu ya kubeba kilo 70, na uzito wa mkono wenyewe bado hatujauhesabu. Mwanasayansi wa Kiitaliano, Giovanni Borelli, alilionyesha hili karne ya 17, kwamba misuli huvuta kwa nguvu kubwa kuliko mzigo wenyewe. Faida tunayopata ni mwendo: msuli ukifupika kidogo tu, kiganja kinasafiri mbali na kwa kasi.

Sasa rudi Mwaloni, mdogo wangu, tazama kiuno chako. Misuli inayonyoosha mgongo iko kama sentimita 5 nyuma ya pale pingili za uti wa mgongo zinapojikunjia. Ukiokota mzigo wa kilo 20 ukiwa umeuweka nusu mita mbele yako, misuli hiyo inavuta kama inayobeba kilo 200. Uvute mzigo mpaka ubaki robo mita, inakuwa 100. Gunia ni lile lile! Na diski, yaani mito laini iliyo kati ya pingili, ndizo zinazobanwa na mvuto huo wote. Ndiyo maana nasema kila siku, na nitasema tena: mzigo karibu na mwili. Lisogelee gunia, tanua miguu, likumbatie, ndipo unyanyuke. Kugeuka, geuka kwa miguu, usisokote kiuno.

Mama zetu wanaoteremka na beseni la samaki kichwani wanalijua hili bila kuhesabu. Beseni liko juu ya uti wa mgongo, umbali wa kwenda mbele ni kama hakuna. Mwaka 1986 watafiti walichapisha vipimo vya wanawake wa Kijaluo nchini Kenya, wakakuta kwamba mzigo wa kichwani unaofika asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea matumizi ya nishati wakitembea. Ulipozidi hapo ndipo nishati ilianza kupanda. Hawa ni majirani zetu wa ziwa hili hili, na wamebeba hivyo tangu utotoni. Usimtwike ndoo mteja wa ofisini ukadhani shingo yake ni ile.

Halafu milima yetu. Wateja wa Mabatini, Bugarika na Igogo wanaishi juu ya mawe, na wengi wataniambia goti linauma wakishuka, si wakipanda. Wanashangaa, maana kushuka hakukati pumzi. Kushuka, misuli ya mbele ya paja inafanya kazi huku inarefuka, kama breki, na ule mfupa mdogo wa mbele ya goti, uitwao pia, unakandamizwa kwenye mfupa wa paja kila hatua. Misuli inayofanya kazi hivyo ndiyo inayouma sana kesho yake na keshokutwa. Usimpe mtu wa hivyo kurukaruka wiki ya kwanza. Mpe ngazi fupi, ashuke polepole mguu mmoja mmoja, mikono ishike ukuta. Wiki zinazofuata ongeza urefu wa ngazi, kisha mpe mzigo, tena karibu na mwili.

Ndugu zangu, mteja anapokuvulia viatu na kulala kwenye mkeka wako, amekukabidhi mgongo atakaokwenda nao kazini Jumatatu. Msichukue hela ya mtu kwa kukariri video. Shikeni kiungo kwa mkono, ulizeni kinajikunja upande gani, angalieni mzigo uko wapi.

Na akikuambia ganzi inashuka mguuni mpaka vidoleni, au mguu umekosa nguvu, usimnyooshe, usimkande. Simamisha mazoezi siku hiyo hiyo, mwambie aende hospitali. Akikosa kushika mkojo, au ganzi ikimshika mapajani kwa ndani, asisubiri kesho, mtafutie usafiri mwenyewe.