Mgeni akikuuliza "do you mind", usikimbilie kusema yes

Wadogo zangu mnaoanza kazi za hoteli huku Zanzibar, leo neno moja tu, "mind", maana hili lilishaniaibisha. Mwezi wangu wa kwanza restoranti, kaskazi imekolea, upepo unapiga mpaka vitambaa vya meza vinaruka, mzee mmoja na mkewe wakaniita, "do you mind if we move inside?", mi nikatoa tabasamu lote la chuoni nikajibu "yes sir, yes!". Wakaangaliana. Wakabaki palepale, yule mama mkono mmoja kashika glasi mwingine kashika kofia, na mi kila nikipita nawachekea tu huku najiuliza mbona hawahami. Supavaiza ndo akaja kuninong'oneza, we umewakatalia wale.

Iko hivi, hapo "mind" siyo akili, ni kukereka. Usiitafsiri kichwani "tunaweza kuhama?", itafsiri "utachukia tukihama?", jibu linakuja lenyewe: hapana, wala! Ndo "not at all" yao. Na sisi tuna letu jingine, mtu anakuuliza "hujala?" unajibu "ndiyo", yaani ndiyo sijala, Mwingereza hapo unampoteza kabisa. Wenyewe kwa wenyewe, kwenye "do you mind" utawasikia wanajibiana "yeah, sure" na wanaelewana, ila we mgeni wa lugha usiige kwanza, sema "please, go ahead" umepona.

"Would you mind" nayo ni swali la jina tu, ni ombi lenye adabu. Mgeni chumba chake hakijawa tayari unamwambia "would you mind waiting?", na ni waiting jamani, siyo "to wait", hii naisikia kila siku mapokezi.

Kuna kijana tulikuwa naye aliuliza chai au kahawa, akajibiwa "I don't mind", akaelewa mtu hataki kitu, akaondoka zake. Kumbe maana yake chochote sawa, leta tu. Ila msichanganye na "I don't care", hiyo ukimwambia mgeni ni kama umemwambia shauri yako.

Ya akili ni rahisi, "I haven't made up my mind" bado hajaamua, muachie menyu usimsimamie kichwani. "Mind your head" angalia kichwa, mlango mfupi huo, na London kwenye treni za chini ya ardhi wanatangaza "mind the gap" tangu 1968, angalia uwazi kati ya behewa na jukwaa.

Sasa "never mind". Kamusi itakwambia usijali, na we utafurahi. Lakini mtu kaomba barafu mara mbili hajaletewa, ya tatu anakwambia "never mind", huyo hajakusamehe, kakata tamaa na wewe. Kimbia kalete barafu, hata kama soda imebaki funda moja.