Mjane wa London na posa ya mwanangu

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Je, ni busara kuoa au kuolewa katika ukoo mnaofanya nao biashara?" Swali limenikuta pabaya. Posa ya binti yangu imeletwa mwezi huu, na aliyeileta ni baba wa kijana ambaye tunanunua naye mchele kwa jumla. Nimestaafu ualimu wa historia, kwa hiyo mkinivumilia nitajibu kwa kupitia London ya enzi za Tudor, kati ya 1485 na 1603. Wanafunzi wangu wakifika hapo walitaka tu habari za Henry VIII na wake zake sita. Mimi niliwapenda wauza vitambaa.

Mfanyabiashara wa London alipeleka nguo za sufu Antwerp, bandari ya Ubelgiji ya leo, na kulipwa baada ya miezi, mara nyingi kwa hati ya hawala, yaani ahadi ya maandishi ya kulipa, iliyosimama juu ya jina la mtu. Benki ya kumkopesha kama tunazozijua leo haikuwapo. Basi wakala wake ng'ambo akamtaka awe mdogo wake, mpwa au mkwe. Mtu baki akikudhulumu anahama mji. Mkwe akikudhulumu mtakutana kwenye ubatizo wa mjukuu.

Mabinti walitafutiwa waume, ndiyo, na aliyetoa mali ni baba wa bibi harusi, kinyume kabisa na mahari yetu. Lakini anayeishia kwa mabinti amemruka mtu mzito kuliko wote, mjane. Kwa desturi ya jiji la London, raia wa jiji akifa akaacha mke na watoto, mali yake inayohamishika ilikatwa mafungu matatu: la mjane, la watoto, na moja tu aliloweza kuliusia apendavyo. Fungu la yatima lilikuwa chini ya jicho la Meya na madiwani, na aliyelishika alileta wadhamini. Mjane aliruhusiwa pia kuendelea na duka na wanagenzi wa marehemu. Sasa mfikirie kijana aliyemaliza uanagenzi, miaka saba au zaidi bila ruhusa ya kuoa. Kazi anaijua, mfukoni hana kitu. Upande wa pili yuko mama mwenye mtaji, wateja na wadaiwa. Hapo mshenga hachoki miguu.

Hata mtoto wa tajiri alipita njia hiyo. Thomas Gresham, ambaye baba yake na baba yake mdogo wote walipata kuwa Meya wa London, mwaka 1544 alimwoa Anne Ferneley, mjane wa mfanyabiashara William Read. Jane, ndugu yake Anne, alikuwa mke wa mwanasheria Nicholas Bacon. Hivyo Gresham na Bacon wakawa wanyumba. Jane alipofariki, Bacon alioa Anne Cooke, ambaye dada yake alikuwa mke wa William Cecil, waziri mkuu kwa vitendo wa Elizabeth I. Tazama umbali: kutoka kwa mjane wa muuza vitambaa hadi mlangoni kwa Malkia, na hatua zote ni za ushemeji! Gresham mwenyewe alikuwa akiitafutia serikali mikopo Antwerp. Na alipokuwa na binti wa nje ya ndoa, alimwoza kwa Nathaniel, mwana wa Bacon na Jane, yaani mtoto wa ndugu wa mkewe. Sijui mama wa kambo aliipokeaje harusi hiyo, lakini hesabu ilikaa sawa.

Kuna pia hadithi tamu ya Edward Osborne, mwanagenzi wa William Hewett, kwamba aliruka mtoni Thames kumwokoa binti wa bwana wake aliyedondoka kutoka Daraja la London. Sina hakika na maji. Kwamba alimwoa binti huyo, Anne, mrithi wa Hewett, na akawa Meya mwaka 1583, hilo halina ubishi.

Tahadhari yangu inatoka kwa John Johnson, mfanyabiashara wa sufu kupitia Calais, bandari ya Ufaransa ya leo. Alijifunza kazi kwa Anthony Cave, kisha akamwoa Sabine Saunders, mpwa wa Cave. Akashirikiana na ndugu zake Otwell na Richard. Mamia ya barua zao yamebaki, na humo bei ya sufu na salamu za mke zinakaa ukurasa mmoja. Mwaka 1551 Otwell alifariki kwa ugonjwa wa jasho, homa ya mlipuko ya siku zile, na mwaka 1553 kampuni ikafilisika. Wadai hawakukuta biashara upande huu na familia upande ule. Walikuta kitu kimoja, na ndugu wote walikuwa ndani yake.

Posa nimeikubali. Kijana ni mpole na binti amemridhia, jambo ambalo Gresham asingelijali sana. Lakini tangu wiki iliyopita hesabu za mchele zimehamia kwenye daftari la peke yake, na michango ya harusi ina daftari jingine. Mkwe mtarajiwa aliniuliza kwa nini, nikamwambia kuna barua za Kiingereza nitamsimulia tukipata nafasi.

Mwalimu mstaafu, Morogoro