Sumukuvu haioti

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nanunua na kuuza mahindi hapa Kibaigwa. Sokoni tunasema mahindi "yameota ukungu", bwana shamba anasema "kuvu". Juzi mteja kakataa gunia langu akidai "limeota sumukuvu huu". Ni kitu kimoja? Na ni "huu" au "hii"?

JIBU: Marahaba. Kwa upande wa lugha, mteja wako kakosea mara mbili.

Kinachoota ni ukungu, yaani ule unga wa kijani au manjano unaouona kwenye punje. Neno lenu la sokoni ni sahihi kabisa. Ni kweli ukungu ni pia ule wa asubuhi unaoziba barabara, lakini mbele ya gunia la mahindi nani atadhani unazungumzia hali ya hewa?

Kuvu ni neno pana zaidi. Siku hizi wataalamu wanalitumia kwa ukoo mzima, uyoga na hamira zikiwemo. Kuvu anayemwogopesha bwana shamba ni Aspergillus, anayeishi udongoni na kwenye mabua yanayooza. Jina hilo alilitoa Micheli, padri wa Italia na mtaalamu wa mimea, mwaka 1729: kwenye hadubini umbo la kuvu huyo lilimkumbusha kile kinyunyizio cha maji ya baraka kanisani.

Sumukuvu ndiyo sumu yenyewe. Inatengenezwa na kuvu, haina rangi ya kuonekana kwa macho, na kuipika hakuimalizi. Kwa hiyo punje safi kwa macho inaweza kuwa nayo. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara, basi usimcheke mteja kwa sarufi yake ukasahau kulipima gunia kama lina sumu. Inayotajwa zaidi ni aflatoksini: "a" ya Aspergillus, "fla" ya flavus, yaani njano kwa Kilatini, kisha toksini, sumu. Ilianza kujulikana baada ya batamzinga wengi kufa Uingereza mwaka 1960.

Na hao batamzinga wananifaa hapa. Kama jina lao, au askarikanzu, sumukuvu huandikwa neno moja, na neno la kwanza ndilo linaloamua ngeli. Sumu hii, sumukuvu hii; mahindi yameingiwa na sumukuvu, hayakuiota. "Huu" ya mteja wako imetokana na ulimi uliozoea kusema ukungu.