Maswali ya Wasomaji: Mapumziko ya polepole Paje na Jambiani

Barua nyingi za mara hii zinahusu pwani ya kusini-mashariki ya Unguja: Bwejuu, Paje, Jambiani. Ni vijiji vya wavuvi na wakulima wa mwani ambavyo vimejaa nyumba ndogo za wageni, wachoraji, walimu wa yoga na vijana wa mchezo wa tiara baharini, yaani kuteleza juu ya maji kwa kuvutwa na tiara. Wengi wanaouliza wanataka kupumzika kweli, wala hawatafuti matembezi ya kukimbizana. Tumechagua tano.

Mimi na mume wangu ni walimu. Tunataka wiki moja Paje, tuogelee, tusome, tulale. Jirani yetu alikwenda akarudi amenuna: anasema kila asubuhi bahari ilikuwa imekimbia, kabaki na mchanga na majani ya mwani. Alikosea mahali au alikosea wakati? (Msomaji, Dodoma)

Alikosea wiki. Paje ni ileile, ila ina sura mbili, na mwezi wa angani ndio unaoamua mtaikuta na sura ipi.

Mbele ya Paje na Jambiani kuna uwanda mpana wa mchanga na matumbawe, na mwamba wenye mawimbi uko mbali na ufuko, kilomita moja na zaidi. Maji yakipwa, uwanda wote huo hukauka. Kendwa, kaskazini ya kisiwa, ufuko umeinama zaidi, kwa hiyo mtu huogelea karibu saa zote. Upande wa mashariki, ni lazima ujue saa.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, tofauti ikifika mita 4. Katikati ya vipindi hivyo ni maji mafu, ambapo tofauti huwa mita 1 au zaidi kidogo, na bahari haiendi mbali. Wavuvi huhesabu kwa mwezi mwandamo, nanyi fanyeni hivyohivyo kwa kalenda yoyote ya Kiislamu. Bamvua ni karibu na mwezi 1 hadi 4, yaani siku ya 1 hadi ya 4 tangu mwezi kuandama, na tena 15 hadi 18. Maji mafu ni karibu na mwezi 7 hadi 10, na 22 hadi 25.

Jambo ambalo wageni wengi hawalijui ni kwamba katika pwani yetu bamvua ina saa zake. Siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Ndiyo maana jirani yenu kila akimaliza chai anakuta mchanga mtupu. Angerudi ufukweni saa tisa alasiri angeyakuta maji ya kifua. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa kwenye saa nne au saa tano asubuhi.

Kwa hiyo fikeni mwezi 6 na muondoke mwezi 14, au mfike mwezi 21 na muondoke 28 au 29. Siku ya kwanza maji yatajaa karibu saa mbili asubuhi, katikati ya wiki saa tano, na kufikia mwezi 12 ni karibu saa saba mchana. Ogeleeni saa mbili kabla ya maji kujaa na saa mbili baada yake. Siku za mwisho, bamvua inapokaribia, maji yatakuwa yamepwa asubuhi mapema, nanyi mtatembea kwenye uwanda jua likiwa bado pole na kuwaona akina mama wakifunga mwani kwenye kamba zilizonyooshwa kati ya vigingi. Kilimo hicho kilianza hapo mwaka 1989. Msikanyage kamba wala msivute shina la mwani kwa ajili ya picha, na mtu aombwe ruhusa kabla ya kupigwa picha. Saa zilezile za maji kupwa ndizo saa za kazi za akina mama hao.

Kabla ya kulipia chumba, linganisheni tarehe zenu na jedwali la maji la bandari ya Zanzibar. Dakika tano tu.

Kuhusu msimu: likizo ya Juni ni nzuri. Masika yamekwisha, kusi inavuma, joto limepungua, na wimbi la wageni wa Julai na Agosti halijafika. Ubaya wake ni upepo, ambao ufukweni huwa mkali mchana. Ombeni chumba kilicho nyuma ya miti au ukuta. Desemba, epukeni siku za Krismasi na mwaka mpya, bei hupanda sana. Aprili na Mei nyumba nyingi hufungwa kwa sababu ya mvua.

Tuko watatu, tunabishana: Paje, Jambiani au Bwejuu? Mmoja anataka kujifunza tiara, mmoja anataka muziki jioni, mimi nataka kimya. (Msomaji, Arusha)

Laleni Jambiani upande wa kaskazini, karibu na Paje. Paje yenyewe ndiko kwenye shule za tiara na muziki wa usiku, na sauti ya spika haijui mipaka ya kiwanja. Kabla ya kulipa, muulize mwenye nyumba swali moja la wazi: baa iliyo karibu iko umbali gani, na hupiga muziki usiku upi wa wiki? Mwenye nyumba mwaminifu atakujibu mara moja. Bwejuu, kaskazini ya Paje, ni kimya zaidi, lakini jioni utahitaji usafiri kila mara.

Wa tiara achague majira ya upepo: kusi, Juni hadi Septemba, au kaskazi, katikati ya Desemba hadi Februari. Wakati wa tanga mbili, upepo unapogeuka, anaweza kulipia kozi akakaa siku nne anangoja. Anayeanza afunzwe maji yanapofika kiunoni; maji yakijaa sana huchoka haraka, yakipwa kabisa huangukia matumbawe.

Na mkiwa mnataka kuona jua likizama baharini, mashariki halizami. Nendeni Michamvi Kae, ambako ufuko unatazama magharibi, ng'ambo ya ghuba ya Chwaka. Alasiri moja inatosha.

Nataka kumpeleka mama yangu, ana miaka 66 na magoti yanamsumbua. Hapendi kelele wala hajui kuogelea. Atafurahi huko kweli? Na safari itamchosha kiasi gani? (Msomaji, Morogoro)

Atafurahi, mradi umpangie yeye kwanza na bahari baadaye.

Boti kutoka Dar es Salaam huchukua karibu saa mbili. Chukueni ya asubuhi. Majira ya kusi bahari huchafuka, na mchana huwa mbaya zaidi. Mkalishe sitaha ya chini, katikati au nyuma kidogo, ambako chombo hakirushwi sana, na dawa ya kichefuchefu anywe nusu saa au zaidi kabla ya kuondoka. Ikishaanza kumpata, kidonge hakisaidii tena. Bebeni vitambulisho vya taifa, kwa sababu nauli ya raia si sawa na ya mgeni.

Mkishuka bandarini Malindi, msiunganishe moja kwa moja. Kaeni Mji Mkongwe saa mbili, mle, apumzike, ndipo mchukue teksi. Ni kilomita 50 na kitu mpaka Paje, zaidi ya saa moja kidogo. Daladala zipo, namba 309 ya Jambiani na 324 ya Bwejuu inayopita Paje, na ni rahisi sana kwa bei; lakini husimama kila kijiji, mizigo hukaa miguuni, na mtu mwenye magoti mabovu atateseka kukaa amejikunja. Hapo teksi si anasa. Elewaneni bei kabla ya kufungua buti, na ulize kama ni ya gari zima au ya kila mtu.

Chumba kiwe cha chini, na uulize hasa njia ya kutoka chumbani hadi mezani: ni ya saruji au mchanga mtupu? Mchanga laini humaliza magoti kuliko ngazi. Uliza urefu wa kitanda, kwa maana vitanda vya Kizanzibari vya kuchonga huwa virefu na mtu mzima hupanda kwa taabu. Uliza pia kama umeme ukikatika kuna jenereta au betri ya kuendesha feni.

Matembezi yake: asubuhi ya maji makavu, mchanga uliolowa huwa mgumu kama sakafu, na mama atatembea juu yake vizuri kuliko barabarani. Siku moja mpitishe msitu wa Jozani, uko njiani kurudi mjini. Kima punju huwaona karibu na barabara bila kupanda mlima wowote. Akipenda mambo ya dini, msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Lakini boti za kuwafukuza pomboo hapo Kizimkazi tunawashauri mziache. Wanyama huzingirwa na injini kila asubuhi, na mama naye atarushwarushwa na mawimbi.

Bajeti yetu ni ndogo. Tunasikia hoteli za huko zinauza sahani moja kwa bei ya kula siku mbili. Tutakula nini? (Msomaji, Mwanza)

Mle kijijini, mstari wa pili nyuma ya ufuko. Huko kuna chapati na maharage asubuhi, urojo alasiri, wali wa nazi na mchuzi wa samaki, na jioni supu ya pweza. Mkikaa siku sita na zaidi, tafuteni nyumba yenye jiko na muombe bei ya wiki. Mwenye nyumba hupunguza, hasa Mei mwishoni, Juni na Novemba. Ulizeni bei ina nini ndani yake: chai ya asubuhi, kiyoyozi, na kodi ya miundombinu inayotozwa kwa kila mtu kila usiku. Hiyo ya mwisho mara nyingi hutajwa siku ya kuondoka, na huharibu hesabu.

Samaki nunueni dikoni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, vyombo vinaporudi na maji ya kujaa. Pweza hupatikana zaidi bamvua, wachokoaji wanapoweza kufika mbali kwenye mwamba. Siku za maji mafu ni haba na ghali. Baadhi ya vijiji vya kusini hufunga maeneo ya pweza kwa miezi kadhaa ili wakue. Mkiambiwa pamefungwa, msimshawishi mtu akawatafutie kwa siri.

Kilo moja ya pweza ni ya watu wawili, maana hunywea karibu nusu. Mpigeni vizuri, kisha mumweke sufuriani bila maji na bila chumvi, moto mdogo, mmfunike. Atatoa maji yake mwenyewe, na yakianza kukauka ongezeni kikombe cha maji ya moto. Baada ya dakika 45 hadi saa moja uma utaingia bila kusukumwa. Tui jepesi la nazi moja liingie hapo, pamoja na kitunguu, nyanya na ndimu. Tui zito mwishoni kabisa, mkikoroga ili lisikatike. Chumvi ionjwe kwanza, pweza ana yake.

Fedha taslimu ya siku mbili tatu itoeni mjini. Mwezi wa Ramadhani mikahawa ya kijijini hufungwa mchana, na si adabu kula wala kunywa hadharani. Ukitoka ufukweni kuingia kijijini, mabega na mapaja yafunikwe. Kanga au kikoi kimoja mkobani kinatosha.

Nataka kutembea hadi kwenye mwamba maji yakipwa. Ni hatari? (Msomaji, Tanga)

Ni hatari kwa asiyeangalia saa. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Chukua bamvua ya mita 3.6: saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda sentimita 30 tu, mtu hajali. Saa ya pili 60. Saa ya tatu na ya nne hupanda 90 kila moja. Tena hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yako, karibu na ufuko, ukiwa bado umesimama pakavu unatazama nyota za bahari. Toka saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, geuza nusu saa kabla. Nenda na mwenyeji anayejua mikondo, asubuhi, ukiwa na kofia, maji lita moja na viatu vya mpira vyenye soli ngumu. Kandambili huvuliwa na tope.

Viatu ni kwa ajili ya wale viumbe wa duara wenye miiba mirefu myeusi. Ukichomwa, usiukamue mguu na usiupige kwa jiwe kama unavyoweza kushauriwa, maana mwiba huvunjika vipande na kuzama. Loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia kwa dakika 30 hadi 90, toa kwa kibano miiba iliyojitokeza tu, osha kwa sabuni. Wenyeji hupaka utomvu wa papai bichi. Mwiba ukiwa umeingia kwenye kiungo, au mguu ukivimba na kuwa mwekundu siku ya pili, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.