Baiskeli Haipiti Geti Kubwa

Juzi msomaji mmoja wa mtaa wa Kisasa, hapa Dodoma, kaniandikia: "Kaka, daktari kaniambia nifanye mazoezi. Natamani niende kazini kwa baiskeli, ila nina cheo. Watu watanionaje?" Nilicheka, halafu nikanyamaza. Swali hilo hata mimi liliwahi kuninyima usingizi.

Miaka mitatu iliyopita nilipima presha nikakuta 160 kwa 100. Sikuwa naumwa popote. Kitambi nilikiita baraka. Bodaboda ilinichukua mlangoni kwangu Nkuhungu, ikanishusha mlangoni pa ofisi, nikakaa kitini hadi jioni, ikanirudisha. Mguu wangu ulikuwa unakanyaga vigae tu. Daktari hakunizungusha: "Mzee, tembea, au umeze vidonge hadi uzeeke. Kama huo uzee utauona."

Nikaanza kwa miguu, jioni, mtaani. Hapo sina la kusimulia. Mwezi ukaisha, nikachoka kuzunguka kama mtu aliyepotelewa na mbuzi, nikanunua baiskeli ya mtumba, Phoenix nyeusi, nzito kama mlango wa ghala.

Siku ya kwanza ilikuwa mwezi wa sita. Wenyeji wa Dodoma mnaujua: mvua zimekata, mbigili zimekauka njiani zinasubiri mtu. Nilipita njia ya mkato kukwepa malori. Sijafika lami, gurudumu la mbele likalia psss. La nyuma likafuata. Fundi chini ya mwarobaini alizamisha tyubu kwenye beseni, mapovu yakatoka sehemu kumi na moja. Akachomoa mbigili moja kwa koleo, akaniwekea kiganjani. "Mzee, hii ndiyo ada ya shule."

Nikafika kazini saa tatu kasoro, shati limenigandia mgongoni. Mlinzi, kijana ambaye kila siku hunipigia saluti, akanisimamisha: "Baiskeli zinapita geti la nyuma, mzee. Lile la mafundi." Mkubwa mmoja alikuwa anaingia na gari. Akashusha kioo, akaniuliza kwa sauti iwapo mkopo wangu wa gari umekataliwa. Walicheka hadi wa mapokezi. Ni mambo ya zamani, najua. Ila kile kioo kinavyoshuka nakiona mpaka leo.

Kwa hiyo kaka wa Kisasa, watu watakuona umefulia. Wiki mbili hivi, kisha watazoea. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuunga mkono Azimio la Arusha. Alikuwa Rais. Sijasikia aliyemuuliza habari za mkopo. Sisi wenye vyeo vya mezani tunaona haya kwenda soko la Majengo kwa miguu!

Ushauri? Toka mapema. Upepo wetu unatoka mashariki, kwa hiyo mimi wa Nkuhungu, magharibi mwa mji, asubuhi naupasua kwa kifua, jioni unanisukuma nyumbani. Wewe wa Kisasa, upande wa mashariki, utasukumwa asubuhi, jioni utakoma. Beba shati la kubadilisha. Beba tyubu ya akiba. Na utoke mapema, nimeshasema. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mimi kwenda 25, kurudi 25: siku tatu hesabu imetimia, na sijalipa jimu hata senti.

Na ninyi wazazi, kwa nini mtoto apakizwe bodaboda, watatu kwenye siti moja, kwenda shule iliyo mtaa wa pili? Mtoto hata njia ya kwao haijui! Na ninyi mnaoegesha magari kwenye njia ya waenda kwa miguu, bibi mwenye ndoo kichwani apite wapi, angani? Simwambii mtu aende Mtumba, kwenye mji wa serikali, kwa baiskeli kila siku, kule ni mbali. Nasema kanisani, msikitini, kwa fundi cherehani, kwa shemeji yako pale Chang'ombe. Miguu mnayo.

Wiki iliyopita nimepima: 128 kwa 82. Vidonge kapunguza daktari, sikujiamulia. Yule mlinzi alishahamishwa. Geti kubwa bado sipiti. Nimelizoea la nyuma, lipo jirani na mama ntilie, na chapati za saa moja asubuhi huwa bado za moto.