Kocha, hamia na bondia wako

Miaka yote hii nafundisha vijana ngumi, na kocha mpya akinifuata kuniuliza aanzie wapi namwambia aanze na habari za William Muldoon. Huyu jamaa hakutokea kwenye ngumi, alikuwa polisi New York halafu akawa bingwa wa mieleka, na mieleka ya enzi zile ilikuwa balaa, mwaka 1881 yeye na Clarence Whistler walishikana zaidi ya masaa saba na bado ikawa droo. Mtu kama huyo pumzi anaijua.

1889 akakabidhiwa John L. Sullivan, bingwa wa uzito wa juu, pombe imemmaliza, kitambi hiki hapa, na mbele yake kuna pambano na Jake Kilrain la ngumi kavu, yaani bila glavu. Muldoon akamhamishia shambani kwake Belfast, kijijini huko jimbo la New York, pombe marufuku, Sullivan akapigishwa kazi za shamba, kamba, mbio, na Muldoon mwenyewe anashikana naye mieleka maana sheria za wakati ule ziliruhusu kumbwaga mtu chini. Tarehe 8 Julai kule Richburg, Mississippi, jua linawaka, Sullivan alitapika raundi ya 44 lakini akaendelea tu mpaka baada ya raundi ya 75 kona ya Kilrain, yaani wasaidizi wake, ikasalimu amri.

Ndo maana nasisitiza sana, ngumi unazomfundisha wiki nzima anazimaliza usiku mmoja kwenye pombe na wewe hupo. Pambano likikaribia mtoe mtaani jamani, hela ya kambi kama hakuna basi hata chumba kwa ndugu yako mkoani kinatosha, mpike pamoja, mlale mapema, alfajiri ukimbie naye na sio kumfuata na bodaboda. Mimi tukipanda kilima namwambia kijana ahesabu kwa sauti moja mpaka hamsini, akianza kumeza namba kwenye ishirini najua usiku hakulala, hapo glavu hatuvai, tunarudi kwenye pumzi kwanza.

Na ikifika wiki ya mwisho bado anameza namba, mpigie promota muahirishe, hata kama advansi mmeshaila, atanuna ila pesa mtamrudishia kidogo kidogo.