Drumu za umeme za bei nafuu: kagua hivi kabla hujatoa hela

Anayetafutia kwaya drumu pale Mwanjelwa, Mbeya, kwa kawaida huuliza kwanza idadi ya sauti. Seti ya Alesis Nitro Mesh ina 385, Yamaha DTX402K ina 415. Jumapili hakuna atakayesikia tofauti hiyo. Pedi na kiki (drumu kubwa ya mguu) ndizo zitakazosikika.

Pedi za mpira ni ngumu, huchosha vifundo vya mikono na mlio wa vijiti huvuka ukuta. Za wavu hukazwa kwa ufunguo wa drumu, na kijiti hurudi vizuri. Hela ikiwa haba, angalau sneya, ile drumu ya mbele ya mpigaji, iwe ya wavu, tena yenye sehemu mbili za kupiga, katikati na rimu (ukingo). Waya wake uwe wa stereo, ule wenye pete mbili nyeusi kwenye ncha. Ukichomeka waya wa gitaa, rimu hunyamaza na watu hudhani pedi imekufa.

Kiki ya DTX402K ni kanyagio lisilo na nyundo. Inafaa chumba cha kupanga, ila mguu uliojifunzia hapo hupata taabu ukikutana na drumu za kawaida. Nitro Mesh ina pedi ya kiki inayopigwa kwa nyundo. Hiyo tunaipendelea kwa kwaya, ingawa hutikisa sakafu. Ukiwa ghorofani, chukua plaiwudi mbili za Mafinga, milimita 18, panga mipira ya tenisi katikati, kisha simamisha seti juu yake.

Seti ya mtumba ijaribiwe kwa hedifoni. Piga kila pedi mara kumi, ukianza taratibu na kuongeza nguvu. Pigo dogo likipotea, sensa imebanduka au waya umelegea. Piga tomu (drumu nyingine za seti) huku ukisikiliza sneya: sneya ikilia yenyewe, mtikisiko unapita kwenye fremu. Kaza vibano, kisha punguza wepesi wa sneya kuitikia pigo kwenye moduli, kile kisanduku kinachotoa sauti. Nitro hukusanya nyaya zote kwenye plagi moja pana. Itikise, maana ikikatika pini, pedi inazimika.

Adapta isomeke 100–240V. Ya Marekani yenye 120V pekee itaungua kwenye umeme wetu wa 230V. Radi zikianza Rungwe, ichomoe ukutani.

Lililobaki ni mikisa, mashine ya kuchanganya sauti, na hapo ndipo seti nzima huonekana mbovu bure. Baadhi ya moduli za bei nafuu zina tundu moja la stereo kwa hedifoni na spika. Ukilipeleka kwa waya mmoja wa stereo kwenye tundu la mikisa lililo la balansi, yaani linalopitisha tofauti tu kati ya nyaya mbili za sauti, kushoto na kulia hufutana: kiki na sneya, zilizowekwa katikati, hupotea, na unabaki na mwangwi wa matoazi. Tumia waya wa Y, stereo upande mmoja na mono mbili upande wa pili, kila moja kwenye chaneli yake. Spika iwe na koni ya inchi 12 au zaidi. Za kompyuta hupasuka kwa kiki.